Barua Ibaki Masijala

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Mtwara mjini mbele ya makatibu muhtasi, wahasibu, watunza masijala na mafundi kompyuta wa ofisi ndogo za mikoa ya Mtwara na Lindi. Wenzetu wengi wa Liwale na Kilwa hawakufika, ndiyo maana nimeyaandika yote kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa ofisi, makatibu muhtasi, wahasibu, watunza masijala, mafundi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Naomba nianze na swali. Barua ya karatasi ikifika ofisini kwenu, imeandikwa juu yake "Meneja", na sanduku la posta, na Mtwara, barua hiyo ni ya nani? Ni ya meneja? Meneja akihamishiwa Songea kesho, anaondoka nayo kwenye begi? Hapana. Barua inapigwa muhuri wa tarehe, inaingizwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye faili. Faili linakwenda kwa meneja, meneja anasoma, anaandika maelekezo, na faili linarudi masijala. Mnalijua hili kuliko mimi. Wengine mmelifanya miaka thelathini.

Sasa swali la pili. Barua pepe ikifika ofisini kwenu, inakaa wapi?

Swali hili nimeliuliza katika ofisi nyingi, na majibu ninayopata ni haya. "Iko kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi." "Iko kwenye simu ya bosi." Na jibu la tatu, ambalo ndilo lililonileta mbele yenu leo: "Ilikuwa kwenye ile kompyuta iliyoungua."

Ofisi sitaitaja. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umekolea, minada kila wiki, magari ya mizigo yamepanga foleni kwenye maghala. Mhasibu wao alikuwa dada makini sana, mtu ambaye daftari lake unaweza kulisoma kama kitabu. Barua zote za wanunuzi, za benki na za ghala zilikuja kwake, na kila mnunuzi alikuwa na folda yake. Mchana mmoja umeme ukakatika na kurudi mara tatu. Mara ya tatu kompyuta haikuwaka. Nilipofika nikaisikia diski ikigonga ndani, tik, tik, tik, na fundi yeyote aliyepo hapa anaijua sauti hiyo. Nikamwambia dada, usihofu, barua ziko kwenye seva, tutazivuta upya. Nikaingia kwenye seva, yaani ile kompyuta inayopokea barua za watu wote. Kisanduku cha dada kilikuwa kitupu. Hakukuwa na barua hata moja.

Dada yule hakulia. Aliuliza tu, "Na orodha ya malipo ya wakulima?" Nilikosa la kumjibu. Walikaa wiki tatu wakiandika upya kumbukumbu kwa kuwapigia simu wanunuzi mmoja mmoja, wakiwaomba warudishe nakala. Wengine walirudisha, wengine hawakujibu. Na huko vijijini wapo wazee waliosubiri fedha zao kwa sababu ya chuma kidogo kilichogoma kuzunguka.

Nani alikosea? Si yeye. Kosa lilikuwa la aliyeiunganisha kompyuta yake na mfumo wa barua siku ya kwanza, na ninataka mlielewe kosa hilo kwa undani, kwa sababu liko katika ofisi nyingi za mikoa yetu hadi leo.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mfumo wa Unix ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell kule Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Tangu utotoni ulijengwa kwa ajili ya watu wengi kutumia mashine moja, kila mtu ana jina lake, nyumba yake na ruhusa zake. Barua zilikaa ndani ya mashine hiyo. Mtu alikaa mbele ya kioo na kibodi visivyo na akili yoyote, akasoma barua yake kule kule ilikokuwa, akaondoka. Kwa lugha yetu, alikwenda masijala, akaomba faili, akalisoma palepale mbele ya mtunzaji.

Kisha zikaja kompyuta ndogo za mezani. Hizi zilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja. Zinawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, na wakati huo hazikuwa na nguvu ya kukaa macho usiku kucha zikipokea barua. Zifanyeje? Mwaka 1984 ukaandikwa utaratibu unaoitwa POP, na maana ya jina hilo ni utaratibu wa posta. Ni posta kweli! Una sanduku lako pale Posta. Unakwenda na ufunguo, unalifungua, unakomba kila kilichomo, unarudi nacho nyumbani. Sanduku linabaki tupu. Ukifika nyumbani na nyumba ikaungua, usirudi Posta kuulizia. Posta walishamaliza kazi yao.

Kompyuta ya dada yule ilikuwa imeunganishwa kwa POP.

Miaka miwili baadaye, 1986, Mark Crispin akiwa Chuo Kikuu cha Stanford akabuni utaratibu mwingine, IMAP. Huu haukombi kitu. Barua inabaki kwenye seva, na kompyuta ya mezani inaifungulia dirisha tu. Ukiisoma, seva inaandika kwamba imesomwa. Ukiijibu, seva inaandika kwamba imejibiwa. Ukitengeneza folda ya "Ghala la Nanyamba", folda inazaliwa kule kwenye seva. Kompyuta yako ikiibiwa leo jioni, kesho asubuhi unakaa kwenye kompyuta ya jirani, unaandika jina na nywila yako, na folda zako zote ziko pale zinakungoja.

Mnaona tofauti? POP ni sanduku la posta. IMAP ni masijala. Na barua ya ofisi ni ya nani? Ni ya ofisi. Basi ibaki masijala.

Kuna fundi mmoja pale nyuma ananitazama, najua anachotaka kusema. Anataka kusema kwamba POP ina mahali pa kuweka alama ili nakala iachwe kwenye seva. Ni kweli, ipo. Lakini nikuulize, kaka yangu, barua alizoziandika dada yule mwenyewe, majibu yake kwa wanunuzi, nakala zake zilikuwa wapi? Kwa POP barua uliyoituma inabaki mezani kwako peke yake. Na masijala gani duniani inatunza barua zilizoingia bila nakala za zilizotoka? Ukisoma faili la namna hiyo utasikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

Tena kuna jambo la majina. Ofisi nyingine meneja alikuwa akitumia anwani yake binafsi ya bure kwa kazi zote. Akahamishwa. Wanunuzi wakaendelea kumwandikia kwa misimu miwili. Alikuwa mwungwana, alizituma ofisini kila alipokumbuka. Lakini je, siku asipokumbuka? Mashine ya Unix ina faili dogo la majina ya badala, na fundi anaandika mstari mmoja tu: barua za uhasibu ziende kwa fulani. Fulani akihama, mstari unabadilishwa kwa dakika moja. Mnunuzi wa India hana haja ya kujua kwamba mhasibu wetu amekwenda likizo ya uzazi. Anaiandikia uhasibu, na uhasibu upo. Kwa hiyo jipatieni kikoa chenu, yaani jina la ofisi kwenye mtandao, linaloishia na tz, kupitia wakala aliyeidhinishwa. Anwani iwe ya cheo na ya ofisi.

Sasa nije kwenye kupeleka barua, maana kuleta na kupeleka ni kazi mbili, na hapa ndipo mafundi wengi tunapokwama.

Mnajua mashine za barua zinasema nini zikikutana? Zinabisha hodi. Utaratibu wake unaitwa SMTP. Jon Postel aliuandika mwaka 1982, na mpaka leo ndio unaobeba barua pepe duniani. Mashine inayopeleka inagonga mlango namba 25, maana kila huduma ndani ya mashine ina namba yake ya kuingilia, nasi tunaiita mlango. Ya ndani inajibu 220, yaani nipo, karibu. Ya nje inabisha hodi kwa herufi nne, HELO, na kujitaja jina. Ya ndani inajibu 250, sawa. Ya nje inasema, nina barua kutoka kwa fulani. Sawa. Inakwenda kwa fulani. Sawa. Ndipo barua inasomwa mstari kwa mstari, na mwisho nukta moja inawekwa peke yake kwenye mstari, maana yake nimemaliza. Siku moja niliyaandika mazungumzo hayo kwa mkono mbele ya mama mmoja katibu muhtasi, neno kwa neno, na mashine ikajibu neno kwa neno. Akasema, "Kumbe zinasalimiana!" Tangu siku hiyo hakuiogopa tena.

Zishikeni namba za majibu. Jibu linaloanza na 2 maana yake sawa. Linaloanza na 4 maana yake rudi baadaye. Linaloanza na 5 maana yake usirudi. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu karani mmoja wa ghala aliona onyo kwamba barua yake imechelewa, akadhani imekataliwa, akaituma tena. Na tena. Na tena. Kumbe mashine ya upande wa pili ilikuwa imejibu kwa 4, na seva yetu ilikuwa imeiweka foleni na kuijaribu yenyewe kila baada ya muda. Jioni zote nne zikaingia kwa pamoja, ankara nne za mzigo mmoja. Mnunuzi akapiga simu kwa hasira, akidhani anaibiwa. Jamani, onyo la kuchelewa ni jambo moja na taarifa ya kukataliwa ni jambo lingine. Someni namba. Programu ya Postfix, inayopeleka barua kwenye seva, isipobadilishwa, huishikilia barua kwenye foleni kwa siku 5 ikiendelea kujaribu kabla ya kukata tamaa. Siku 5! Hata tarishi wa zamani hakuwa na subira hiyo.

Lakini hodi hii ya mwaka 1982 ina udhaifu mmoja mkubwa. Haiombi kitambulisho. Mtu akigonga na kusema mimi ni mkurugenzi, mashine inasema karibu mkurugenzi. Siku zile waliokuwa kwenye mtandao walikuwa wachache na walifahamiana. Leo hatufahamiani. Na hapa naomba niseme kosa langu mwenyewe.

Mkuu mmoja wa ofisi alisafiri kwenda Dodoma. Akiwa ofisini barua zake zilitoka vizuri, kwa sababu seva niliiambia: ikubalie mashine yoyote iliyo kwenye swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi. Akiwa Dodoma seva ikamkataa, kwa haki, maana haikumjua. Akanipigia simu mara tano. Ilikuwa jioni, nilikuwa nimechoka, nikaiambia seva ikubalie kila mtu, popote alipo. Barua ya mkuu ikatoka. Nikalala.

Baada ya siku mbili nilikuta foleni imejaa maelfu ya barua ambazo hakuna mtu ofisini aliyeziandika. Wezi wa mtandaoni hupita usiku kucha wakijaribu milango, na mlango wangu waliukuta wazi, wakautumia kusambaza taka zao kwa jina la ofisi yetu. Niliufunga palepale. Haikusaidia, maana jina la mashine yetu lilikuwa limeshaingia kwenye orodha za watuma taka, na kwa siku kadhaa barua halali za ofisi zilirudishwa na jibu la 5. Mizigo ilikuwa bandarini inangoja nyaraka. Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza ukweli wote. Nawaeleza na ninyi mafundi vijana ili msije mkasimama pale niliposimama.

Dawa ilikuwepo tangu mwaka 1998, na ningeisoma kabla, yasingetokea. Mlango namba 25 ni wa mashine kwa mashine. Watu wa nyumbani wana mlango wao, namba 587. Pale mtu lazima ataje jina na nywila, na njia ifungwe kwa usimbaji, yaani maandishi yageuzwe mpitaji asiyasome, ndipo barua ipokelewe. Akiwa Mtwara, akiwa Dodoma, akiwa Guangzhou, kompyuta yake haibadilishwi chochote. Kila kompyuta ya mezani ipitie 587. Kila moja! Hata iliyo chumba cha jirani na seva.

Vilevile kwa kusoma. IMAP ya zamani inatumia mlango 143, na usipoifunga nywila inapita kwenye kebo kama ilivyo, maandishi matupu. Fundi mwenye nia mbaya akikaa kwenye mtandao wenu ataisoma kama anasoma gazeti. Tumieni 993, ambao umefungwa tangu salamu ya kwanza.

Gharama je? Najua wakuu wa ofisi wanawaza bajeti. Kwa upande wa programu ni bure. Postfix, inayopeleka, iliandikwa na Wietse Venema wa Uholanzi akiwa mtafiti IBM, ikatolewa mwaka 1998. Dovecot, mtunza masijala wetu, iliandikwa na Timo Sirainen wa Finland, ikatoka mwaka 2002. Zote zinakaa juu ya Linux, ndugu wa Unix, isiyodai leseni. Mezani unaweka Thunderbird, programu ya kusomea barua, bure pia. Kwa ofisi ya watu kumi au kumi na tano, kompyuta ya kawaida yenye diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja inatosha. Fedha ziende kwenye UPS nzuri, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, na kwenye chumba kisichoingiza upepo wa bahari. Pale Shangani, hapa hapa Mtwara, nimefungua mashine ya miaka miwili nikakuta pini zimeota kutu ya kijani.

Mtu anaweza kuniuliza, fundi, kwa nini tuwe na seva hapa hapa ofisini? Si tukodi huko nje, yaishe?

Swali zuri, na wapo ambao kukodi kutawafaa. Lakini nikumbusheni, Mei mwaka 2024 mlikuwa wapi? Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mvua ikasomba barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, Kilwa. Mabasi yakalala njiani, na bahasha zetu humo ndani. Wiki moja baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Barabara ya lami ilikatika, na barabara ya chini ya bahari ikakatika, mwezi mmoja. Sisi watu wa Kusini tuliozoea kungoja kivuko cha Rufiji kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tunajua kukatiwa njia ni nini.

Ofisi ambayo barua zake zimekodiwa ng'ambo, siku ile mhasibu hakuweza hata kumtumia meneja waraka, na wamepakana ukuta! Waraka ulitaka uvuke bahari, ufike Ulaya, urudi. Ofisi yenye seva yake ndani, waraka ulitoka kwenye kompyuta, ukapita kwenye swichi, ukaingia kwenye seva, ukafika. Kazi ya ndani iliendelea. Barua za nje zilijipanga foleni, na njia ilipofunguka zikaondoka zenyewe. Na waliotuandikia kutoka nje, mashine zao nazo zilisubiri na kujaribu tena, kwa utaratibu ule ule wa foleni.

Haikuwa rahisi mara ya kwanza. Niliwahi kuwaahidi watu wa ofisi moja kwamba intaneti ikikatika barua za ndani zitaendelea. Ikakatika, na kompyuta zote zikasema seva haionekani. Seva niliikuta hai, taa zake zinawaka. Nilitafuta saa nzima. Kumbe kompyuta zilikuwa zinaulizia jina la seva kwa mtoa huduma wa nje! Ni sawa na mtu aliyesimama sebuleni anapiga simu Dar es Salaam kuuliza jikoni ni wapi. Nikaweka kitabu cha majina kwenye mashine ya humo humo ndani, ili jina lijibiwe nyumbani. Mafundi, lijaribuni hili siku ya amani. Chomoeni kebo ya intaneti saa sita mchana, mkiwa mmewaarifu watu, mwone nini kinaendelea kufanya kazi.

Mkiwa na seva yenu ndani, msiiache ipeleke barua za nje yenyewe kama haina anwani ya kudumu ya mtandao. Mashine nyingi za nje zitaikataa. Ikabidhi barua zake kwa seva ya mtoa huduma wenu, ambayo inajulikana, na kikoa chenu kitangaze kwamba mashine hiyo ina ruhusa ya kutuma kwa jina lenu.

Na nakala rudufu. Seva nayo ni chuma, nayo itakufa. Ziwekeni barua kwa mpangilio wa Maildir, ambapo kila barua ni faili lake. Mpangilio wa zamani unarundika barua zote za mtu kwenye faili moja refu, kwa hiyo barua moja ikiingia, usiku inabidi rundo zima linakiliwe upya. Kwa Maildir zinanakiliwa zile mpya tu, dakika chache zinatosha. Diski ya nakala ikae jengo lingine. Nimeona ofisi ambayo diski ya nakala iliwekwa juu ya seva. Mwizi alizibeba zote mbili kwa mkono mmoja.

Kuna vitu vidogo ambavyo vimewapotezea watu siku nzima, nivipitie haraka. Majina ya watumiaji yaandikwe kwa herufi ndogo tupu, maana kwenye Unix "asha" na "Asha" ni watu wawili. Viambatanisho navyo vinanenepa njiani, kwa sababu barua ilibuniwa kubeba maandishi tu, hivyo kila baiti tatu za picha zinaandikwa kwa herufi nne. Postfix ikiachwa ilivyo, kikomo chake ni kama MB 10, na faili la MB 8 litakataliwa. Stakabadhi mnazoskani, skanini kwa rangi nyeusi na nyeupe, zinasomeka vizuri tu.

Na saa. Lindi mjini ofisi moja ilikuwa na kompyuta sita. Tano nzima, moja kila asubuhi inalalamika kwamba hati ya usalama ya seva, yaani kitambulisho chake, si halali. Binti aliyeitumia alizoea kubonyeza "kubali" na kuendelea na kazi. Nikatazama pembeni ya kioo. Tarehe ilikuwa ya zaidi ya miaka kumi nyuma. Betri ile ndogo ya duara kwenye ubao wa ndani ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika usiku saa ilirudi nyuma. Kwa kompyuta hiyo, hati ya seva ilikuwa bado haijaandikwa! Betri tuliinunua sokoni kwa fundi saa. Lililoniuma ni kile kidole. Binti alikuwa amefundishwa na kasoro yetu kubonyeza "kubali" bila kusoma, na siku mwizi angesimama katikati ya njia na hati ya bandia, angekubaliwa vivyo hivyo. Nyie makatibu muhtasi, mkiona onyo hilo, acheni kazi, iteni fundi. Asiwaambie mtu kwamba mnachelewesha.

Sasa Jumatatu mkirudi ofisini naomba kila mmoja afanye jambo moja. Afungue programu yake ya barua, aingie kwenye mipangilio ya akaunti, atazame namba ya mlango wa kupokelea. Ukiona 993 au 143, barua zako ziko masijala. Ukiona 110 au 995, hiyo ni POP, na barua zako ziko kwenye diski iliyo chini ya meza yako, na huenda hakuna pengine zilipo.

Ukikuta hivyo, usifute kitu. Usiibadilishe akaunti, usiiondoe. Kwanza nakili folda nzima ya programu kwenye diski ya nje. Kisha fundi aongeze akaunti ya pili ya IMAP pembeni ya ile ya zamani, zikae zote mbili, na mhamishe barua folda kwa folda kutoka ya zamani kwenda mpya, taratibu, mkihesabu. Folda ikiwa na barua mia nne upande huu, muione mia nne upande ule ndipo muende nyingine. Kwa mtu mwenye barua za miaka mingi ni kazi ya siku mbili au tatu. Ifanyeni kabla ya Oktoba, kabla minada haijaanza na kila mtu anamtafuta mhasibu.

Chai iko tayari pale nje. Kompyuta hii hapa mezani bado ina POP, na mwenyewe ameniruhusu niihamishe mbele yenu. Wenye kalamu na daftari mkirudi mkae viti vya mbele.